Bango Lililomzika Mama Kadzo

Haya nayasema huku nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita Mjambere kuna watu huniita "mwenye matanga", na jina hilo nalistahili.

Mimi ndiye mpangaji wa harambee na matangazo ya zahanati yetu ndogo hapa Kisauni. Tulitaka kujenga wodi ya kina mama, tukakubaliana iitwe kwa jina la Mama Kadzo, muuguzi mstaafu aliyewazalisha nusu ya mtaa. Nikachukua picha yake ya zamani, na kwa kuwa leso aliyojitanda ilikuwa imechujuka, nikaifanya picha yote nyeusi na nyeupe ili ipendeze, kisha (ujuaji wangu huo) nikatia ua pembeni, na chini nikaandika mwaka alioanza kazi na mwaka aliostaafu. "Tujumuike Jumamosi. Michango inapokelewa." Nikaituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na nyingine kubwa nikaichapisha bango la kutundika getini. Mama Kadzo mwenyewe nilimwambia tu kwa simu aje, kuna wageni, nikitaka ashtukie heshima yake hapo hapo.

Jumamosi nafika, uwanja umejaa, nikafurahi kweli, mpaka nikaona wanawake wamejifunga leso viunoni, wanalia. Mmoja akanishika mkono.

"Pole mwanangu. Aliugua muda mrefu?"

Nikaligeukia bango langu pale getini, nikalisoma kama mpita njia, nikaona tangazo la kifo. Kabla sijafungua mdomo, Katana, mwanawe wa pekee, akashuka kwenye pikipiki kutoka Changamwe na sare yake ya kazi, macho mekundu (simu ya mamake ilikuwa imeisha chaji), na papo hapo Mama Kadzo akaingia getini na kitenge chake kipya. Katana akamwona, akaanguka chini kama gunia.

Watu walidhani ni mzuka, wakakimbilia pembeni, wengine wakiwa wamebeba sufuria. Mama Kadzo peke yake hakukimbia. Akapiga magoti, akamlegeza kola.

"Leteni mashine ya presha. Na nyinyi nyamazeni, mgonjwa ataka hewa."

Katana akafumbua macho. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Nani kakwambia sipo?"

Uwanja mzima ukanitazama mimi. Mama Kadzo akainuka, akalisoma bango, akalirudia.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Nyumba yangu ni ya tatu kutoka hapa. Ulishindwa kuja kuniuliza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tulifanya mikutano chungu nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza.

Siku hizi sitoi picha ya mtu kabla sijaketi kwake nikamwonyesha. Mama Kadzo alinisamehe, akapigwa nyingine, ya rangi, anacheka. Katana hajaniitikia salamu hadi leo, wala simlaumu.