Soma Palipo Alama

Mimi ni msusi, na wasusi tuna midomo. Nalisema mapema ili mtu asije akadai nilijificha. Saluni yangu iko Dandora, Nairobi, chumba cha mabati chenye kioo kimoja kirefu, viti viwili na benchi la wanaosubiri. Kwa miaka mingi tulikaa humo tukisengenya majirani mpaka nadhani walikuwa wakijikwaa barabarani bila sababu. Mungu anisamehe. Leo ukipita hapo asubuhi utasikia mtu anasoma Biblia kwa sauti, na ukiingia utaambiwa ukae utulie mpaka sura iishe.

Ilianza kwa malalamiko yangu. Kanisani tulihimizwa kila mmoja asome Neno kila siku, asome kitabu kizima, asichague vipande vitamu. Nikacheka. Saa ngapi? Kuanzia asubuhi mikono yangu iko vichwani mwa watu, na jioni nikifungua kitabu, mstari wa tatu unanikuta nimeshalala na miwani usoni. Nilimlalamikia mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama ambaye mpaka leo akiingia mahali watu wazima wananyamaza. Akaniambia, "Wewe una mikono, mimi nina macho. Leta hicho kitabu." Nikamsuka, naye akanisomea Mwanzo sura ya kwanza hadi katikati ya sura ya nne. Mteja aliyefuata akasema haiwezekani tumwache Kaini hapo, akaendelea yeye.

Ikawa desturi. Anayeketi kitini ndiye msomaji. Mwalimu, kwa kuwa hawezi kuona jambo bila kuliwekea kanuni, alituwekea mbili. Ya kwanza, tunasoma mfululizo, hakuna kuruka wala kuchagua. Alama yetu ni kipande cha nywele ya bandia, na palipo alama ndipo unapoanzia, upende usipende. Ya pili, yeyote aliyeguswa na mstari, hata yule wa benchini, anaweza kusema "rudia," na msomaji atarudia. Haulizwi mtu kwa nini.

Siwezi kueleza vizuri jinsi desturi hiyo ilivyonifaa, lakini nitajaribu. Nilikuwa nafungua saluni na hasira za jana nazifungulia mlango. Sasa nafungua nikiwaza tulimwacha nani wapi. Siku moja mama mmoja muuza mboga, mtu wa mizaha, alisema "rudia" pale Hajiri alipomweka mtoto chini ya kijiti asimwone akifa. Akasomewa tena. Akasema rudia. Mara ya tatu tulikuwa tunasikia cherehani ya fundi wa jirani tu, na yeye anapangusa macho kwa kanga. Hatukumwuliza, wala hajatuambia, lakini tangu siku hiyo sijathubutu kumsema vibaya, na zamani nilikuwa namsema sana.

Sasa nije kwa aibu yangu.

Nina binti mmoja. Nilimlea peke yangu tangu akiwa na meno mawili. Ada, viatu, kiboko, vyote vilitoka kwangu. Nilimpeleka chuo asomee uhazili, kwa sababu nilitaka mtoto wangu akae kwenye kiti badala ya kusimama nyuma ya kiti kama mimi. Kabla hajamaliza akaacha, akahamia mtaa wa Huruma kwa rafiki yake, akaanza kuuza viatu vya mitumba soko la Muthurwa. Kanisani akawa haonekani. Niliwaka! Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Ulimi hauna mfupa.

Akaondoka. Nami, badala ya kunyamaza, nikapata silaha nyingine. Kila asubuhi nilimtumia mstari kwenye simu. Usidhani ni ule wa kumfariji mtu. Nilimtumia ule wa mvivu kuambiwa akajifunze kwa chungu. Nilimtumia ule wa mpumbavu anayemhuzunisha mamaye. Siku ya kuzaliwa kwake, naona haya kusema, nilimtumia ule wa kunguru kuling'oa jicho la mtoto anayedharau wazazi, na chini yake nikaongeza, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Saluni tunasoma mfululizo, lakini kwenye simu nilikuwa nachagua kama mtu anayechagua fimbo.

Mwanzoni alijibu "Amina." Baadaye hakujibu, ila niliona amesoma. Asubuhi moja nikamtumia ule unaowaambia watoto wawatii wazazi wao. Niliona amesoma. Kesho yake mstari mwingine ukabaki na tiki moja tu, haukumfikia, keshokutwa vilevile. Nikapiga, simu haiingii. Mtoto wangu alikuwa amenifungia.

Nikamwonyesha mwalimu simu. Nilitaka anihurumie. Alivaa miwani, akasoma meseji zote kuanzia juu polepole, kama anayesahihisha insha, na mimi nimesimama na kitana mkononi nangoja kuambiwa pole. Akanirudishia simu na kusema, "Huyu mtoto hukumpa Neno. Umemrushia mawe, na kila jiwe umeliandika jina la Mungu."

Nilikasirika. Nilimsuka siku hiyo nikivuta, na yeye alijua navuta. Lakini niliporudi nyumbani nililia kama mtoto. Sikuwa na namna ya kumfikia binti yangu, na njia ya mwisho niliyokuwa nayo nilikuwa nimeiziba mwenyewe, kwa Biblia.

Ikapita miezi. Nikaendelea kusuka na kusomewa, maana ndicho kilichokuwa kinanisimamisha. Tulipokuwa kwenye vitabu vya Wafalme nilisema rudia mara nyingi kuliko mtu yeyote pale ndani, na namshukuru Mungu kwa ile kanuni ya kutoulizwa.

Kumbe mwalimu alikuwa amekwenda Muthurwa kununua viatu. Hakuniambia. Baadaye nilijua kwamba hakumhubiria binti yangu wala hakumpa salamu zangu. Alijaribu viatu, akamweleza kwamba saluni kwa mama yake sasa mteja ndiye anayesoma, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuchagua. Basi.

Jumatatu moja, siku ambayo hatuna wateja wengi, mlango ukafunguliwa. Nikaona kiatu kwanza, halafu binti yangu. Amekonda kidogo. Akanisalimia kwa Kisheng chake, "Mathe, sasa?" kama mtu aliyetoka dukani. Nikakipangusa kiti. Nikamwambia aketi. Kwenye kioo nilimwona anaitazama Biblia iliyokuwa juu ya meza ya mafuta, kisha ananitazama mimi.

"Umenichagulia gani leo?" akauliza.

Nitasema ukweli: nilitamani kuchagua. Ile habari ya mwana mpotevu iliniwasha vidoleni, naujua ukurasa wake bila kutafuta. Mtoto ametoka mbali amerudi, ungetaka nini tena? Mwalimu hakuwepo kunizuia, lakini nilijua nikiugusa ule ukurasa nimempoteza kabisa.

"Sijachagua," nikamwambia. "Soma palipo alama."

Akafungua. Ilikuwa Mambo ya Nyakati cha Kwanza, pale mwanzoni, majina matupu. Fulani akamzaa fulani, na wana wa fulani ni hawa. Akageuza ukurasa, majina. Akageuza tena, majina. Akanitazama kwenye kioo akitafuta mtego uko wapi, na mtego haukuwepo. Akaanza kusoma. Jina la tano likamshinda, la sita likamwangusha, la saba akalisoma kama namba ya gari. Akacheka. Na mimi nikacheka, mpaka nikapoteza njia ya nywele niliyokuwa nimeichana. Tulisoma majina ya watu waliokufa zamani hadi kichwa kikaisha, na sijawahi kubarikiwa na Maandiko kama siku ile. Alipoondoka aliweka alama mwenyewe.

Akawa anakuja kila baada ya wiki mbili. Sikumwuliza habari ya kanisa wala ya chuo. Mara nyingine ulimi ulifika kwenye meno nikaumeza. Wateja wengine walisoma siku ambazo hakuwepo, naye akija anauliza tumefika wapi, anaendelea. Viatu vyake vinauzwa, anapanga sasa chumba chake. Hayo aliyasema mwenyewe, katikati ya sura na sura, huku anatafuta ukurasa.

Tukamaliza manabii, tukamaliza Injili. Na Jumatatu iliyopita aliketi, akafungua palipo alama, nikaona mabega yake yakikakamaa. Nikainama nikaangalia. Waefeso, sura ya sita. Mstari wa kwanza ndio ule niliomtumia siku aliponifungia. Mwalimu alikuwa benchini akisubiri zamu yake. Ningeweza kusema leo tupumzike. Lakini kanuni ni kanuni.

Akausoma, kwamba watoto wawatii wazazi wao. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Nami nikashughulika na kichwa. Akasoma wa pili na wa tatu. Kisha akasoma wa nne, unaowageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao hata wakakasirika.

Nimekuwa Mkristo tangu utotoni. Mstari ule naufahamu. Lakini siku ile ya simu nilinakili wa kwanza nikaukata hapo, na wa nne uko karibu yake kama jirani wa ukuta mmoja.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Rudia."

Mwalimu hakuinua kichwa. Binti yangu, badala ya kusoma, akainua Biblia juu ya bega lake, wazi, ikanielekea usoni. Mikono yangu ilikuwa imeshika nywele zake, sikuweza kuipokea. Akaishika vivyo hivyo, akaweka kidole chini ya mstari.

Miaka hiyo yote nimesomewa. Siku ile nikasoma mimi. Nilisoma kwamba akina mama wasiwachokoze watoto wao hata wakakasirika.

"Imeandikwa akina baba, Mathe," akasema taratibu. "Hapa haturuki wala hatubadilishi."

"Najua," nikamwambia. "Kwani kwetu baba alikuwa nani?"

Kwenye kioo nikamwona anauma mdomo. Akaishusha Biblia mapajani, akaegemeza kichwa nyuma mpaka kikanigusa kifuani, akakiacha hapo. Kisha akatafuta mstari wa tano, tukaendelea.