Fidia Iliyokuja kwa Meseji

Sifa ni za Mungu, aliyenifikisha uzeeni nikiwa na macho ya kusoma Neno lake na mikono isiyotetemeka. Namshukuru kwa kila mtoto niliyempokea. Namshukuru pia kwa subira, ingawa kwa habari ninayoiandika hapa niliiomba mara nyingi kuliko nilivyoipata.

Nilikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya kanisa, juu kwenye migomba, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya magari. Simu za mkononi zilipoanza kushika huko kwetu, miaka ya elfu mbili, niliziona kama jibu la maombi. Nilinunua moja ya mtumba mjini Moshi, kwenye duka la Mhindi mpole aliyenifundisha kuiwasha. Namba yangu ikaandikwa kwa rangi ya bluu kwenye mlango wa zahanati, na kwenye kadi ya kliniki ya kila mjamzito.

Vocha haikuwa kitu cha kila nyumba. Kwa hiyo tulikubaliana na kina mama kliniki. Simu ikilia mlio mmoja ikakatwa, maana yake uchungu umeanza, nipigie. Ikilia miwili, damu inatoka, njoo na watu wa machela. Mara nyingi simu yenyewe ilikuwa ya kuazima kwa jirani, namba nisiyoijua, ndiyo maana ilinibidi kupiga mimi niulize ni nyumba gani. Vocha nilinunua mwenyewe. Sikulalamika, kwa sababu utaratibu ule ulifanya kazi. Watoto wengi wa upande ule wa mlima walikuja duniani kwa mlio mmoja wa simu.

Kisha tukaitwa mjini kwenye semina ya afya ya mama na mtoto. Wakati wa mapumziko walikuja vijana wa kampuni moja ya bahati nasibu, wamevaa fulana za njano, wakagawa soda na kalenda, wakapitisha karatasi. Jina, kituo cha kazi, namba ya simu. Wauguzi tumefundishwa kujaza kila nafasi iliyo wazi, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Tulijaza vizuri sana.

Wiki iliyofuata simu yangu ikalia mlio mmoja, ikakatika. Nikaacha ndizi nilizokuwa namenya, nikapiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti tamu.

“Hongera, umechaguliwa. Tafadhali usikate simu.”

“Ni nyumba ya nani, mama?” nikamuuliza. “Maji yameshatoka?”

Akaendelea kunipongeza. Nilimuuliza mara tatu kabla sijaelewa kwamba naongea na mashine, na kwamba muda wote huo ilikuwa inakula vocha yangu. Ikawa hivyo kila siku, mara mbili, mara nne, na kila mara namba tofauti. Meseji nazo zikaja juu yake, hadi simu ikajaa ikawa haipokei nyingine mpaka nifute. Mchungaji hakupata hata moja, wala mwalimu wa shule. Mwenzangu wa zahanati ya Chekereni, nesi tuliyesoma pamoja chuoni, alizipata zote, na wote waliojaza ile karatasi walizipata. Mtu mwingine angezipuuza namba asizozijua. Sisi hatukuweza. Kila mlio mmoja, tulipiga.

Tukaenda mimi na mwenzangu kwenye ofisi ya kampuni ile mjini. Tulipokelewa na kijana nadhifu, mtoto wa mlimani kama sisi.

“Shikamooni mama zangu. Karibuni mkae. Tatizo ni nini?”

“Tatizo ni bahati, mwanangu,” akasema mwenzangu. “Imetuzidi.”

Kijana akacheka. Nilipomweleza, akaacha kucheka. “Lakini mlijiandikisha wenyewe, mama.”

“Tuliandika tupate soda.”

“Na soda yenyewe ilikuwa ya moto,” mwenzangu akaongeza.

“Sawa. Mna ushahidi? Meseji zenyewe ziko wapi?”

Nilikuwa nimezifuta ili simu ipumue. Lakini kazini kwetu kisichoandikwa hakikufanyika, na mimi nilikuwa nimeandika kila mlio kwenye daftari: tarehe, saa, namba, na nilichofanya. Nikaliweka mezani. Akalifunua kidogo kwa ncha ya kidole.

“Hili ni daftari tu, mama. Mtu yeyote anaweza kuandika.”

“Kwa daftari kama hili,” nikamwambia, “ndiyo ulipewa cheti cha kuzaliwa.”

Akasema mashine haiko Moshi, iko Dar, na yeye hana uwezo nayo. Tulishuka ngazi na daftari letu. Jioni ile nilinakili daftari lote, tukaliambatanisha na barua kwa ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya simu. Tukangoja. Nilisali, na niseme ukweli, nilinung’unika pia.

Tulikuwa bado tunangoja masika yalipofika. Siku moja mashine ilinibipu asubuhi mara mbili, nikapiga mara mbili, vocha ikaisha. Kwenda kununua nyingine ilibidi kushuka hadi barabarani, na njia ilikuwa tope tupu. Baada ya chakula cha mchana ikalia tena. Mlio mmoja. Namba nisiyoijua.

Nilikuwa na kisingizio cha vocha, na ningeweza kuishia hapo. Lakini naandika mbele za Mungu. Niliitazama ile simu, nikasema moyoni, ni ile mashine. Nikarudi kukunja bandeji.

Haikuwa mashine. Alikuwa mume wa binti mmoja wa mtaa wa juu, mimba ya kwanza, amesimama kwa jirani na simu ya kuazima, anangoja nimpigie. Walipochoka kungoja walianza kumleta kwa miguu. Alijifungua njiani, kando ya mfereji, kwenye mvua. Niliitwa kwa makelele, nikakimbia, nikamkuta mtoto yu hai. Mama alikuwa amelala katika damu yake. Alibebwa hadi barabarani, akafikishwa hospitali, akaokolewa, jina la Bwana libarikiwe. Lakini kizazi kiliondolewa. Alikuwa na umri wa kuzaa wengine watano.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake hatumi salamu. Anakata jani la isale, mmea tunaoupanda kuzunguka kihamba, shamba la ukoo, analifunga fundo, analibeba kwa mikono yake hadi nyumba aliyoikosea. Mbele ya jani hilo mwenye haki ya kukasirika anasikiliza. Wapo wachungaji wa zamani waliolipiga vita. Mimi sijaona mahali Bwana alipokataza kuomba radhi kwa miguu yako mwenyewe. Binti yule alipotoka hospitali, nilikata isale nikapanda mlima hadi kwao.

Aliyetoka ni mama mkwe wake, bibi aliyekuwa hajanisalimia tangu siku ile. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

“Umelileta wewe,” akasema.

“Nimelileta mimi, mama.”

“Mlio uliusikia?”

“Niliusikia.”

“Ukafikiri nini?”

“Nikafikiri ni ile mashine.”

Alilitazama lile fundo. Ndani, mtoto alikuwa analia kwa afya. Kisha akalipokea jani, akaniita niingie, akanipa mtoto nimshike. Binti alikuwa kitandani, ananitazama, akaitikia kwa kichwa. Wakati wa kuniaga bibi aliuliza jambo moja.

“Na hiyo mashine, nani ataibebea isale?”

Niliondoka na swali hilo. Miezi kadhaa baadaye barua ya serikali ikaja. Ilisema kuwapigia watu kwa mashine bila ridhaa yao si halali, na kwamba kampuni imeagizwa iwafidie wauguzi wote wa ile karatasi. Mwenzangu alifurahi. Mimi nilishuka mjini na jani la isale ndani ya kitenge, nikaliweka juu ya meza ya yule kijana. Aliruka kidogo.

“Mama, usiniwekee hilo hapa.”

“Sikukuletea ili nikuombe radhi. Nimekuletea usije ukasema hukuwa nalo. Iko nyumba juu kule. Nitakuonyesha njia mwenyewe. Usilete pesa. Njoo tu.”

Alijua vizuri nilichosema, kwa maana aliinamisha uso. “Nitawasiliana na Dar,” akasema.

Fidia ilifika wiki ile ile. Ililia mlio mmoja, kisha meseji. “Hongera. Umepata vocha ya fidia. Jibu NDIYO kwenda namba hii.” Mwenzangu wa Chekereni alijibu. Alipata vocha kidogo, na kesho yake milio ikaanza upya, kwa sababu NDIYO ile ilikuwa pia kujiandikisha tena. Alinipigia akaniambia, “Dada, mimi bahati hii nitazikwa nayo.” Mimi meseji yangu sikuijibu. Niliiandika kwenye daftari, tarehe na saa, nikaifuta.

Kijana hakupanda. Nilimngoja mpaka kahawa ikachumwa. Kisha nikanunua namba mpya, nikakwangua ile ya bluu mlangoni, nikaandika nyingine, nikapita nyumba kwa nyumba kusahihisha kadi za kliniki. Nilianza na nyumba ya yule bibi. Aliandika namba mpya ukutani kwa mkaa, na chini yake akachora mstari mmoja, maana yake mlio mmoja. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu sikupuuza hata mmoja.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde na sauti tamu zisizo na mtu ndani yake. Simu yako ikilia, awe mtu. Na ukimkosea mwenzako, akupe miguu ya kufika kwake. Amina.