Alichokikosa Bibi

Juzi mjukuu wangu karudi kutoka shule, hapa Igoma, na mharage wake kwenye kikopo. Kauweka dirishani, kanikataza nisiuguse. Nikuambie ukweli, ndugu yangu: niliingia chumbani nikalia.

Na mimi nilisomeshwa kwa vikopo, mwaka ule tuliohamishwa. Kwetu palikuwa ufukweni, upande wa Sengerema, ambako asubuhi ilinukia dagaa walioanikwa mchangani. Tukaambiwa tukaishi pamoja kijiji cha ujamaa, mbali na ziwa, kwenye vumbi na nyumba zilizopangwa mistari kama madawati. Bibi alipandishwa kwenye lori pamoja na kinu chake na kuku, uso kaugeuzia ziwa mpaka likapotea.

Tusidanganyane, kijiji kile kilikuwa na mazuri yake. Kilikuwa na shule, na shule ilikuwa na mwalimu wa sayansi niliyempenda kupita kiasi. Alituambia tupande maharage kwenye vikopo. Kimoja tulikinyima maji, kingine tukakifungia kabatini gizani, kingine tukakitunza vizuri ili tulinganishe. "Kiumbe kikidhoofika msikilaumu," alikuwa akisema. "Tafuteni kilichopungua pale kinapoishi."

Nyumbani Bibi alikuwa anadhoofika. Aliacha kutwanga, akaacha hata utani, yeye ambaye zamani aliniita mke mwenzake na kudai babu alinipenda kumzidi yeye. Mama alisema ni uzee. Mimi nikasema ni sayansi. Jua lilikuwepo, tena la kuzidi, na hewa ilikuwepo. Nikayashuku maji ya kisima, maana yalikuwa na chumvi.

Siku isiyo ya shule nikatoka alfajiri na kibuyu, nikatembea mpaka ziwani, nikarudi jioni miguu imevimba. Bibi alikunywa, akafumba macho. "Haya ya kwetu haya, mke mwenzangu," akasema, na jioni ile akala ugali akamaliza. Furaha niliyokuwa nayo! Nilijua nimemponya. Nikaenda tena nikaleta sato wabichi, nikaenda tena nikaleta mafunjo, nikamtandikia chini alale juu ya harufu yake. Kila mara aliamka kidogo, kisha akalala zaidi ya mwanzo.

Mwishowe nikamuuliza, "Bibi, nikuletee nini tena?"

"Hapa pamenyamaza mno, mjukuu wangu. Kule nilikuwa nasikia maji yakigonga mitumbwi, najua na babu yako kaburini anayasikia. Sasa hilo utalibebaje?"

Bibi alikufa kabla mvua hazijaanza, tukamzika hukohuko kijijini.

Niliporudi darasani, mwalimu aliuliza viumbe hai vinahitaji nini ili viishi. Wenzangu wakajibu: maji, mwanga, hewa, joto. Nikanyoosha mkono. "Kwao, mwalimu."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika neno hilo ubaoni, akachungulia nje kuona nani anapita, kisha akalifuta kwa kiganja.

Siku hizi nikivuka ziwa kwenda Kamanga, upande ule wa kwetu, huwa natafuta palipokuwa nyumba yetu. Pamejaa majumba ya watu, na kaburi la babu sijui liko chini ya ukuta wa nani. Wenzetu wengi walihama kijiji kile mmoja mmoja, wakarudi ufukweni kimyakimya, na hakuna aliyewazuia. Bibi tulimwacha kulekule.