Simu ya Jumamosi ya Fundi wa AC

Jumamosi iliyopita simu ya mama yangu ililia saa ileile ya kila Jumamosi, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa lilelile la fundi wa AC. Mama hakusubiri salamu. "Tumeiwasha, mwanangu, hata sasa ndiyo tumeizima," alisema, uongo mtupu, maana gari lilikuwa chini ya turubai tangu katikati ya wiki. Kisha akaketi polepole kwenye kiti cha jikoni. Aliyekuwa upande wa pili ni mke wa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa amefariki alfajiri hiyo hospitalini, kwa homa ya mapafu ambayo wengi wetu hatukujua hata kama imempata.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua safu hii hailii ovyo. Nimezika wakubwa bila kuwaandikia mstari mmoja. Huyu alikuwa fundi wa AC za magari mjini Voi, mtu wa kelele, mbishi, mwenye kujisifu mpaka ukatamani akosee, na mara nyingine alikosea kweli. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini habari hii haijanitoka wiki nzima, kwa hiyo leo mnivumilie.

Nilikutana naye siku ya joto kali, nikimpeleka mama kwa daktari wa mapafu Mombasa. Miadi hiyo tuliingoja kwa miezi, na daktari alikuwa akiona wagonjwa mchana tu. Kifua cha mama hakiwezi vumbi, na joto nalo humkaba. Tukifungua madirisha, moshi wa malori na vumbi jekundu viliingia. Tukiyafunga, gari liligeuka tanuri. Kutoka kwetu Wundanyi, juu milimani, tuliteremka vizuri. Pale Mwatate nikawasha AC ya gari langu kuukuu, ikapuliza joto. Tulipoingia Voi pumzi ya mama ilikuwa ikipiga filimbi, na treni ya mchana ingemfikisha wakati daktari ameshafunga.

Nikasimama kwenye kibanda chake kando ya barabara. Fundi alifungua boneti akatangaza, kabla hata ya kugusa kitu, kwamba feni imekufa. Haikuwa imekufa. Alipoteza muda mwingi akiifungua na kuirudisha, akiilaumu, huku mimi nikimpepea mama kwa gazeti nyuma ya kibanda. Ndipo akafunga geji zake za kupimia gesi akakuta gesi karibu imekwisha. Fundi wa jirani akapiga kelele kutoka kwake: "Si umjazie gesi aende? Kwani unatafuta nini?"

"Gesi ikitorokea njiani huko Maungu, huyu mama utamfuata wewe?" akamjibu bila kuinua kichwa.

Nilimwambia kwa ukali kwamba sikuja kusikiliza mabishano, nimekuja kuwahi hospitali. Alikoroga maji ya sabuni kwenye kikombe, akayapaka kwa brashi kila maungio, akiinama na kusubiri. Povu halikutokea. Akapaka kwingine, hakuna. Mama alikuwa ameacha kuzungumza, na kwa mama yangu hiyo ni dalili mbaya kuliko homa. Mwishowe mbele ya kompresa, ile pampu ya gesi, pale penye mpira unaoziba shafti, vipovu vidogo vikaanza kufura kimoja kimoja.

"Unakaa Wundanyi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"AC huwa unawasha lini?"

"Nitaiwashaje na baridi ile?"

"Basi ndiyo hiyo. Nyinyi watu wa juu mnaua AC zote. Mafuta ya kompresa hutembea na gesi. Usipoiwasha, huu mpira unakauka, unapasuka. Hata huko kwa ukungu, washa kidogo kila wiki." Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, nikatamani kumpiga na hicho kikombe.

Mpira wa aina hiyo haukuwepo Voi nzima. Akasema atajaza gesi, lakini kwa masharti yake. Kwanza nikajaze tanki petroli, kwa sababu nikishaondoka pale sina ruhusa ya kuzima gari. Kompresa ikizunguka, mafuta yake yatalowesha mpira na gesi itakaa. Nikizima, mpira utakauka tena na gesi itatoka yote. "Mpaka mama aingie kwa mlango wa daktari, usizime. Hata nani akikuambia."

Sijawahi kuendesha gari kwa woga kama ule. Kila lori lililosimama mbele yangu nililiona adui. Fundi alipiga simu kila baada ya kitambo kidogo, mama akiiweka sikioni mwenyewe, na swali lilikuwa moja: "Bado iko baridi?" Kabla ya Taru tukakuta kizuizi cha polisi. Afisa kijana, mwenye adabu zake, akaniambia nizime gari nitoe leseni. Leseni nilitoa. Kuzima nikasema siwezi. Uso wake ukabadilika, akauliza siwezi kwa nini. Mama aliinama mbele, akamshika afisa mkono kupitia dirishani kwangu, akauweka kwenye tundu la hewa. "Shika hapa," alisema kwa pumzi fupi. "Hii ndiyo inanifikisha hospitali." Kijana aliuacha mkono pale kidogo. Kisha akarudisha leseni, akatufungulia njia.

Mama aliingia kwa daktari akitembea mwenyewe. Hapo ndipo nikazima gari. Nilipoliwasha jioni lilipuliza joto, kama alivyosema.

Baadaye fundi alitubadilishia kompresa, na hapo ndipo simu za Jumamosi zilipoanza. Aliwapigia wateja wake wote wa milimani, akiwauliza kama wamewasha. Wengine walimwona msumbufu, wakaacha kupokea. Mama alipokea kila mara. Wakimaliza AC waliingia kwenye maharagwe, mvua, watoto wa fundi, na kifua cha mama. Nilikuwa nikiwacheka, mtu na mteja wake wanaopigiana simu kuhusu kitu ambacho hakijaharibika.

Wiki hii nimeacha kucheka. Sisi watu wa milimani hupiga simu Voi tukiwa na mgonjwa, tukiwa na msiba, au tukitaka mtu atupokelee mzigo. Simu ikiita, wa chini naye huanza kwa kuuliza, "Kuna nini?", kwa sababu ametuzoea. Ukoo mzima unaweza kukaa hivyo, kila mtu ni mzima wa afya, hakuna aliyegombana na mwenzake, na siku ya haja unagundua kwamba hamna la kuambiana. Fundi alikuwa mtu pekee ninayemjua aliyepiga simu kujua kama mambo ni mazuri. Naye alipolazwa hospitali, hakuna hata mmoja wetu aliyempigia, maana zamu ya kupiga siku zote ilikuwa yake.

Tumemzika juzi, kwao karibu na Mgange, kwa manyunyu na ukungu. Wakati wa kuondoka mama alijifunga leso mbili juu ya sweta, akaketi kiti cha mbele, akaniambia niwashe AC. Nikawasha. Tulikaa tukitetemeka, madirisha yamefungwa, yeye ameweka mkono kwenye tundu la hewa. Alipotosheka alinipa simu yake.

"Jumamosi utampigia mke wake."

"Nimwambie nini, mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema. "Ndiyo sababu upige."