Nkambo, Gogo na Libaya ya Jumapili

Wiki iliyopita nilirudi mtaa wa Yeoville kushonewa gauni la harusi ya binamu yangu. Siku hizi naishi upande wa Sandton, karibu na ofisi, lakini fundi wa nguo bado namfuata kulekule nilikokulia. Akanizungushia utepe kiunoni, akaniuliza nataka mshono gani.

"Wa zamani," nikamwambia.

"Zamani gani, dada? Zamani ziko nyingi."

Acha basi nikueleze wewe, maana yeye alikuwa na wateja wengine wanaosubiri.

Tulikuwa watatu katika fleti yetu ya ghorofa ya pili: mimi, mama yangu, na mama yake mama, ambaye kwetu Lubumbashi, tulikotoka kabla ya kuhamia hapa, tunamwita Nkambo. Mama alisuka nywele saluni kuanzia asubuhi hadi jioni. Nkambo alipika, alinilea, na kila Jumamosi alitayarisha nguo za kanisani. Siku hiyo nyumba nzima ilinuka wanga na mvuke wa pasi, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa ikitokota jikoni tangu mchana. Nje teksi za abiria wengi zilipiga honi, watoto wakiitana kwa Kizulu kwenye ngazi, na ndani Nkambo akinyunyiza maji kwa vidole juu ya kitenge kabla ya kupitisha pasi. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili ya kitambaa tukikunja, na kusikiliza.

Maana alipopiga pasi alisimulia. Ujanani mwake, wasichana wa mjini walivaa vigauni vilivyoishia juu ya magoti, na nywele wakaziacha zisimame mviringo kama taji. Babu, ambaye mimi sikumkuta, alikuja kumchumbia akiwa amevaa bugaluu, suruali inayobana mapajani na kufunguka chini mpaka inafagia vumbi la barabara. Miguuni alikuwa na raizoni, viatu vya soli nene kama tofali.

"Alikuwa mufupi," Nkambo alisema, "lakini ile siku nilimuona murefu kabisa. Ukweli niliuona kisha ndoa."

Baadaye serikali ya wakati ule ikapiga marufuku tai na vigauni vifupi. Wanaume wakahamia kwenye abakosti, lile koti lisilotaka tai, na wanawake wakarudi kwenye kikwembe, yaani kitenge. Wapo walionung'unika. Nkambo hakunung'unika hata kidogo, kwa sababu hapo ndipo alipojua libaya. Ni blauzi ya kitenge inayobana kiunoni, shingo yake imefunguka hadi mabegani, na mikono imevimba kama maputo. Chini unafunga kikwembe kimoja, juu yake unakunja cha pili, kichwani unafunga kilemba cha kitambaa hichohicho. Nkambo alikuwa mwanamke wa kawaida, mnene kidogo, mwenye goti bovu. Akishavaa libaya hakuwa na goti bovu tena. Alishuka ngazi za lile jengo kama anayeshuka kupokea wageni wake.

Mama yangu hakuvutiwa na hayo. Enzi yake ilikuwa ya jinzi za kubana na fulana fupi, na kwake vikwembe vilikuwa nguo za wazee na za matanga.

Mlango wa jirani aliishi mwanamke mzee wa hapahapa, na jengo zima lilimwita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Yeye naye Jumapili hakuwa na mchezo. Alikuwa na sketi pana ya marinda, rangi ya bluu ya usiku, na ndani yake gagulo lililotiwa wanga mpaka likawa linasema akitembea. Blauzi nyeupe yenye kola ndogo, kofia yenye utaji mfupi, glovu nyeupe, na mkoba mgumu ulioning'inia mkononi. Ndivyo walivyovaa wasichana wa mjini alipokuwa kijana, aliniambia, walipokwenda dansi kwenye kumbi, na hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa kumbi zimefungwa.

Yeye na Nkambo hawakuwa na lugha moja. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao, maana Kizulu nilikipata shuleni. Lakini mara nyingi hawakunihitaji. Walisimama kwenye korido ya jengo, mmoja akashika mkono wa libaya ya mwenzake, mwingine akainama kuhesabu marinda, wakitikisa vichwa na kuguna kwa raha, huku mimi nimesimama katikati yao sina la kutafsiri.

Halafu ukaja ule msimu wa hofu. Labda unaukumbuka, au umewahi kusikia. Wageni walikuwa wakipigwa mitaani na maduka yao yakivunjwa, na kila jioni mama alirudi na habari mbaya zaidi. Akatuwekea sheria. Kwenye teksi hakuna kuongea Kiswahili. Simu ikilia, usipokee. Na kitenge kisionekane nje ya mlango, kwa sababu kitenge kinasema ulikotoka hata kabla hujafungua mdomo.

Jumapili ya kwanza Nkambo alivaa sketi ya jinzi ya mama na sweta la kijivu. Sijawahi kumwona mdogo vile. Kwenye teksi alijikunja dirishani, mkoba kifuani. Kanisa letu lilikuwa ndani ya jengo kuukuu la katikati ya jiji, na siku hiyo wanawake wote waliingia wamefifia, kahawia na nyeusi na kijivu, wakiimba kama watu wenye mafua. Jumapili iliyofuata Nkambo alisema goti linauma, akabaki kitandani. Na iliyofuata vilevile.

Kisha ikafika sikukuu ya akina mama kanisani, ambayo kila mwaka yeye ndiye aliyeongoza wimbo wa kuingilia. Asubuhi niliamshwa na harufu ya pasi. Nkambo alikuwa sebuleni amekwisha kuvaa libaya yake ya manjano yenye maua mekundu, kilemba kimesimama. Mama alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akasimama.

"Mama, tafadhali. Watatujua."

"Watajua nini?"

"Kwamba hatuko wa hapa."

"Basi wajue vilevile kwamba huko tulitoka watu wanajua kuvaa." Akajiweka sawa mkono mmoja wa libaya. "Miye siko mwizi. Juu ya nini natembea kama mutu anajificha?"

Mama alilia. Alimshika mkono, akamwambia habari za mwanamke wa saluni ya jirani, jinsi walivyomfanya. Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa kiganja, akafungua mlango.

Gogo alikuwa kwenye korido anafagia, amevaa gauni la nyumbani na malapa. Alimtazama Nkambo juu hadi chini. Akanitazama mimi.

"Mnakwenda wapi?"

Nikamwambia. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Mwambie anisubiri," alisema. "Asishuke hata ngazi moja."

Tulisubiri. Mama alisema tutachelewa. Mlango ulipofunguliwa, Gogo alitoka na kila kitu: sketi ya marinda, gagulo, utaji, glovu. Akampa Nkambo mkono wake uliovikwa glovu, nao wakashuka pamoja, wawili hao, ngazi haiwatoshi kwa upana wa nguo zao, mimi nyuma, mama nyuma yangu.

Kule barabarani watu waligeuka. Mwenye spaza, duka dogo la mtaani, alitoka nje kutazama. Kwenye robot, zile taa za njia panda, gari moja lilisimama ingawa taa ilikuwa ya kijani. Mimi nilitaka kukimbia, lakini wale wawili walitembea taratibu, kwa sababu hakuna namna ya kukimbia ukiwa umevaa vile.

Ndani ya teksi, kijana mmoja aliyevaa singlendi na malapa alisema kwa sauti, "Makwerekwere wamejipamba leo." Ni jina la dharau wanalowaita wageni. Mama akanibana bega.

Gogo aligeuka polepole, utaji ukitikisika.

"Huyu ni jirani yangu," alimwambia kwa Kizulu. "Tunakwenda kwa Mungu. Na wewe mwanangu, ulivyovaa hivyo, unakwenda kwa nani?"

Mwanamke wa kiti cha nyuma alicheka kwanza. Kisha teksi nzima. Dereva alipiga usukani, akasema, "Eish, Gogo!" Kijana akatazama malapa yake, naye akacheka, kwa aibu. Nkambo aliniuliza kwa kunong'ona kilichosemwa. Nilipomtafsiria alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yakimtetemeka. Tulipofika, mama ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alishika mlango, akainama, akauinua upindo wa kikwembe cha mama yake usiguse matope.

Gogo alikaa ibada nzima, saa zote zile za Kiswahili asichokielewa. Nkambo alipoanzisha wimbo, naye alisimama akacheza mahali pake, marinda yakifunguka na kufunga. Wanawake wa kijivu walimzunguka baada ya ibada, wakaomba kugusa. Jumapili iliyofuata nilihesabu libaya tatu nyingine kanisani. Wengine walisubiri mpaka hofu ilipopita kabisa, wala hakuna aliyewalaumu.

Miaka ilikwenda. Gogo alihamia kwa binti yake, mbali na mjini. Lile jengo letu sasa lina wapangaji wasiojuana. Watoto waliozaliwa hapa wanavaa vizuri, usinielewe vibaya, na vitenge vimerudi, hata ofisini kwetu siku ya Ijumaa. Lakini wanavaa upesi. Hakuna tena anayetoa siku nzima kuandaa saa chache za kuonekana. Ninapopanda treni ya haraka asubuhi, sote tuko ndani ya nguo zetu nyeusi nyembamba, tunaenea vizuri sana.

Nkambo alipofariki tulimvika ile libaya ya manjano. Gogo alikuja, mzee sana, ameshikiliwa na mjukuu, glovu zake mkononi. Wakati wa kufunga jeneza, kifuniko kiligusa mikono ya libaya, na mmoja wa wanaume akanyoosha kiganja ailaze chini.

"Acha," mama alisema.

Aliingiza vidole ndani ya mkono mmoja, akauvimbisha tena, kisha wa pili, taratibu, mpaka ikasimama kama ilivyoshonwa. Ndipo akawaruhusu wafunge.