Makoti 74 ya theluji yalivyonivua ubalozi wa Marekani barazani Kibokoni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, mwishoni mwa miaka ya tisini. Saa hiyo naijua barabara kwa sababu niliiandika kwenye daftari, na daftari ninalo mpaka leo.

Wakuu, assalaam aleykum, na asiyeitikia salamu hiyo namtakia siku njema. Ninalosimulia nilikuwamo, na hesabu zake nimezikagua mara mbili kabla ya kuzileta hapa. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Saa hiyo Mmarekani mmoja, mtaalamu wa uchumi, alisimama mbele ya wafanyabiashara wadogo kama themanini katika ukumbi mmoja hapa Mombasa kisiwani. Mtu mrefu, shati limemlowa jasho mgongoni. Alifikia Kizingo, kwenye nyumba yenye bustani. Semina ilikuwa ya bure, chai na sambusa juu yao.

Mimi sikuwa mfanyabiashara. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifundisha kwa redio ya masafa mafupi na majarida makuukuu ya Kimarekani niliyokuwa nikinunua kwa kilo. Siku ile nilikuwa na zamu ya usiku, basi asubuhi nikamchukua shemeji yangu Athmani, kaka wa mke wangu, tukaenda.

Athmani alikuwa fundi cherehani Kibokoni. Vyerehani vinne, sare za shule na mashati. Lakini kiwanda cha bara kilichokuwa kikimuuzia kitambaa kilikuwa kimefungwa, na mitumba ilikuwa imejaa kila kona. Juu ya hayo, nyumba yenye duka lake ilikuwa imerithiwa, na mwenyewe mpya alitaka kilemba upya, yaani yale malipo ya kushika nafasi ya duka, mbali na kodi. Shilingi elfu kumi na tisa, kabla ya mwisho wa Desemba. Asipotoa, atoke.

Pesa hizo alikuwa nazo. Shikeni hapo.

Yule Mmarekani alisema nini? Alisema serikali iondoe mkono sokoni. Mwenye kushindwa afunge, atafute jingine. Msaada hulemaza. Alisema kwa utaratibu, kwa michoro, na mimi mpenda utaratibu nilitoka pale miguu haigusi lami. Niliona mtu ameyapanga mawazo yangu yote kwenye rafu!

Alasiri ile nikaenda barazani.

Baraza letu lilikuwa na sheria moja: mwenye neno na alete waraka. Ukidai jambo, watu wakakubishia, una siku saba za kuleta ushahidi ulioandikwa. Ukishindwa, kahawa na kashata za wiki nzima ni juu yako. Kwa ajili ya nyaraka zangu mimi sikuwa nimewahi kulipa hata kikombe. Na kwa kuwa kila siku niliitetea Marekani, waliniita Balozi.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Chengo, mtu wa Kaloleni, dereva wa forklifti bandarini, Mkristo asiyekosa baraza la Waislamu hata siku moja.

"Balozi, umerudi na fatwa gani?" akaniuliza.

Nikawasomea daftari langu zima.

Chengo akakuna kidevu. "Mimi nimesikia hao hao wanawalipa wakulima wao."

"Waraka!" baraza zima likapiga kelele.

"Nimesikia kwa baharia."

"Baharia si waraka, yakhe!"

Nikaongeza kwa kujiamini kabisa: "Marekani haimlipi mkulima hata senti. Ndiyo maana imefika ilipofika."

Siku saba zikapita, Chengo hakuleta kitu. Akalipa kahawa ya wiki nzima, watu kumi na moja, na kila nilipoinua kikombe alinitazama tu.

Sasa tuingie kwenye kosa lenyewe.

Athmani alinifuata nyumbani. "Shemegi, wewe msomaji. N'fanyeje?"

Nikamwambia auache ushoni, aingie kwenye mitumba. Soko limeshasema. Achukue zile elfu kumi na tisa, anunue marobota mawili, auze kwa wiki tatu, alipe kilemba na chenji ibaki.

Mke wangu Zuhura alikuwa akikuna nazi. Bila kuinua kichwa akasema, "Hiyo pesa ya kilemba, au pesa ya majaribio?"

Nikamwambia mambo ya uchumi hayako kwenye mbuzi ya nazi. Wakuu, neno hilo nimelilipia kwa njia nyingi ambazo hazimo katika hesabu ya leo.

Kwa asiyejua biashara ile: robota la mitumba hulifungui kabla ya kulipa. Unasoma lebo, unatoa pesa, unakata kamba mbele ya Mungu. Nami miaka kumi na tisa kazi yangu bandarini ilikuwa kusoma alama za nje. Karani wa shehena hafungui. Anasoma, anaandika, anatia sahihi, kontena linatoka. Lebo ilisema: nguo za kiume, mchanganyiko, daraja la kwanza, Marekani. Nikaigonga kwa kidole kama nigongavyo kazini, nikamwambia Athmani, "Sawa. Lipa."

Tisa na nusu, mara mbili. Elfu kumi na tisa kamili. Mia tatu ya mkokoteni nilitaka kutoa mimi, akakataa.

Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mbele ya duka, Athmani akakata kamba ya kwanza. Jua la kuchemsha ubongo. Baraza zima limehamia pale, hata muuza kahawa.

Likatoka koti.

Si koti la harusi. Koti la theluji! Limejazwa manyoya, kofia imeshonewa nyuma, zipu mpaka puani. Nyuma yake likaja jingine. Na jingine. Tukakata robota la pili: makoti. Yote ya kiume, yote daraja la kwanza. Lebo haikusema uongo hata herufi moja.

Tulihesabu sabini na manne. Athmani aliketi juu ya rundo, akafuta jasho kwa mkono wa koti.

Chengo alikuwa akipekua mifuko. Katika mmoja akatoa kadi ndogo, imeandikwa kwa mkono, ya waumini wa kanisa la mji fulani mdogo. Akanipa nisome. Ilisema: nguo hii ni zawadi, haiuzwi, Mungu akupe joto.

"Mombasa hii?" Chengo akapiga kelele. "Joto tunalo la kusafirisha nje!"

Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaweka dele lake la kahawa chini. Athmani naye alicheka, halafu akasema polepole, "Zawadi. Na mimi nimeinunua kwa kilemba changu."

Usiku sikuwa na zamu, lakini usingizi haukuja. Nikashusha sanduku la majarida nitafute kitu chochote juu ya biashara ya makoti.

Sikupata makoti. Nikapata pamba.

Jarida lao wenyewe, limechapishwa kwao. Habari ya mkulima wa pamba na hundi ya serikali anayopokea bei ikishuka. Picha yake, trekta lake, anatabasamu. Jarida lilikuwa ndani ya sanduku langu miaka mitatu! Nililinunua, nikasoma siasa, nikaruka kilimo.

Nilikaa nalo mapajani. Hakuna aliyejua kuwa lipo. Ningelirudisha chini ya sanduku, ningebaki Balozi.

Kesho yake alasiri nikalipeleka barazani, nikamkabidhi Chengo mbele ya watu.

"Waraka wako huu hapa," nikamwambia. "Umechelewa, na umeletwa na hasimu yako."

Alilifungua mpaka kwenye picha ya trekta. Kisha akasimama, akanishika mkono. "Balozi amejiuzulu!" akasema. Kahawa ya wiki mbili ikawa juu yangu: moja ya sheria, moja ya kufidia ile aliyolipa Chengo.

Wiki ya tano yule Mmarekani akarudi kwa semina ya pili. Safari hii tulikwenda watatu: mimi na jarida, Athmani na koti mkononi, Chengo na mdomo wake.

Saa tano kasorobo wakaruhusu maswali. Nikasimama. Kiingereza changu nilikuwa nimekifanyia mazoezi siku nne. Nawapa kwa Kiswahili.

"Bwana, jarida hili limechapishwa kwenu. Linasema serikali yenu humlipa mkulima wa pamba bei ikishuka. Sisi ulituambia msaada hulemaza. Je, mkulima wenu halemai?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Mwenyekiti akainuka, "Swali hilo haliko kwenye mada!" Lakini Mmarekani akainua mkono, akasema, "Mwache."

Alivua miwani. Alilipokea jarida, akaangalia ile picha kwa muda. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa:

"Halemai kwa sababu anapiga kura. Wewe kwetu hupigi kura. Mimi nimepewa kurasa kumi na mbili za kuwasomea, na hilo halimo."

Wakuu, nimesikia hotuba nyingi za wakubwa wa nchi nyingi. Sijasikia sentensi fupi yenye ukweli mwingi kuliko ile.

Mkumbuke mwaka ule redio zote zilikuwa na habari moja: rais wao anachunguzwa kwa mambo yake na binti wa ofisini. Wabunge wao walikuwa wakizungumza maadili usiku na mchana. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikisema, tazama taifa linavyojikosoa! Nikiwa na jarida lile mkononi nikaona upande wa pili. Kwa jambo la chumbani waliweza kumchunguza mtu mkubwa kuliko wote. Kwa jambo la pamba, lililoangusha bei ya wakulima wetu, likafunga viwanda vya bara na vyerehani Kibokoni, sikusikia hata mbunge mmoja akiona haya. Dhambi ya chumbani ina mashahidi. Dhambi ya pamba ina wapiga kura.

Hayo ni maoni yangu, na sisemi Wamarekani ni watu wabaya. Sikilizeni.

Wakati wa chai yule bwana alikuja kwetu, akashika koti la Athmani, akasoma ile kadi mara mbili.

"Mama yangu hutoa koti moja kila Krismasi," akasema. "Akijua yanauzwa, atalia."

Chengo akajibu kwa Kiingereza cha gatini: "Mwambie asilie. Mwaka huu atoe mashati."

Mmarekani akacheka mpaka akamwaga chai.

Yule mama alitoa kwa moyo safi. Mwanawe alinijibu kwa ukweli. Wema ule na ukweli ule havikuingia katika zile kurasa kumi na mbili, basi. Unafiki wa taifa hauhitaji watu wanafiki, unahitaji watu wema ambao kila mmoja anashughulikia ukurasa wake tu.

Tulipofika Kibokoni watu walinibeba juujuu. "Karani kamshinda profesa!" Nilijisikia mfalme. Athmani alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha cherehani, ananitazama.

"Shemegi," akasema, "wewe mshahara wako watoka tarehe ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Bandari ikikosa meli je?"

"Watoka."

"Hata kama soko lataka uondoke?"

"Kuna chama cha wafanyakazi."

"Basi." Akarudisha uso kwenye sindano.

Kicheko chote kilinikauka. Mimi nilikuwa na ruzuku yangu, inaingia kila tarehe ishirini na tisa, na nikiwa nayo mfukoni nilimhubiria mtu asiye na chochote kwamba soko limeshasema. Mkulima wa pamba na mimi tofauti yetu ni trekta.

Aliyetuokoa ni Chengo, yule niliyemnywesha hasara ya kahawa. Alikaa akifikiri, kisha akauliza, "Mombasa nzima, nani huona baridi?" Akajijibu: "Wa Liwatoni!" Wale wanaofanya kazi ndani ya vyumba vya barafu vya samaki. Siku iliyofuata tulipeleka makoti huko, na vijana walioingia kwenye barafu na magunia mabegani waliyavamia. Makoti ishirini na moja, mia mbili na hamsini kila moja.

Kisha langoni Kilindini, madereva wa malori wanaopanda bara usiku. Thelathini na mawili, mia mbili kila moja.

Yakabaki ishirini na moja. Hapo Athmani akasema tuondoke, tumwache fundi. Aliyafumua yote, zipu kando, bitana kando, akashona mikoba ya shule thelathini isiyopenya maji. Ikaisha kabla ya shule kufunguliwa, mia na ishirini mmoja. Ule ushoni niliomwambia auache ndio uliomaliza kazi.

Somo nililobaki nalo ni hili: anayekuhubiria uogelee, mtazame kwanza amesimama wapi. Na ukiwa wewe ndiye mhubiri, jitazame miguu. Wenzangu mliokuwa na maduka au viwanda miaka ile, leteni yenu hapa chini. Anayeona nimeikosea Marekani naye aje, lakini sheria ya baraza inafuata mpaka humu: mwenye neno na alete waraka.

Nafunga kwa hesabu, maana ukarani haunitoki. Zilizotoka: 19,000 za marobota na 300 za mkokoteni. Zilizorudi: 5,250 Liwatoni, 6,400 malorini, 3,600 mikobani. Kahawa ya wiki mbili siihesabu, hiyo ilikuwa adhabu. Kilemba kililipwa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, na duka lipo mpaka leo. Pengo nililiziba mimi kwa mshahara wa tarehe ishirini na tisa, na Athmani hakukataa.

Hasara yote: shilingi elfu nne na hamsini.