Sahani Iliyokosa Mlango

Kwetu sahani haitoki tupu na hairudi tupu. Hiyo niliikuta kwa mama yangu, naye aliikuta kwa mama yake, watu wa ukoo wetu waliofika Uvira na biashara ya ziwa enzi za mababu, wakabaki. Mtoto wako akipata rafiki, huanzi kuuliza kama huyo rafiki ana akili darasani. Unapika kitu, unakipanga kwenye sahani, unafunga kitambaa safi juu, unatuma kwao. Halafu unangoja. Ikirudi, utayajua yote: imeoshwa vipi, imeletwa na nani, wameweka nini juu yake, wamekutumia salamu gani. Mama yangu hakuwahi kuingia nyumba nyingi za jirani zake, lakini alizijua zote kwa sahani.

Nayasema haya kwanza kwa sababu siku hizi kuna wamama wa mtaa wetu wa Rugenge wanaodhani mimi ni mwerevu wa mambo ya telefone. Wananiletea watoto wao niwaonye. Wapi! Mimi sikujua kitu. Nilikuwa napika tu.

Mjukuu wangu wa kike anakaa kwangu tangu mama yake, binti yangu, aende Kalemie kwa biashara ya mawese. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na tatu, miguu mirefu, maneno mafupi. Babu yake alishafariki, lakini utani wa bibi na mjukuu haufi na mtu. Mimi namwita mkewenza, yeye ananiambia nimezeeka, nimwachie bwana, ingawa bwana mwenyewe amelala makaburini. Ndivyo tunavyopendana.

Mama yake alimtumia telefone ya kugusa kwa kidole, kwa mkono wa mtu wa boti, ili waonane uso kila jioni. Nikaona ni haki, mtoto amwone mama yake. Tatizo ni kwamba mama mtu anaongea kidogo, mega za intaneti zinakwisha, anaaga. Telefone inabaki na mtoto siku nzima. Binti yangu akisikia malalamiko yangu, anamgombeza mtoto kutokea huko huko Kalemie, na mtoto anaitika ndiyo mama, ndiyo mama, kidole kinaendelea na kazi yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Shuleni kwao, Kasenga, walituita wazazi kwenye mkutano. Prefe, yule mkuu wa shule, akatuambia tuwachunge watoto na mitandao, kuna watu wabaya humo. Tukatikisa vichwa wote kwa huzuni kubwa, na nusu yetu tulikuwa na macho kwenye telefone chini ya meza. Mimi nikarudi nyumbani na moto wangu. Nikaanza kuichukua ile telefone asubuhi na kuificha dukani, katikati ya vitenge ninavyouza. Basi siku moja nikamuuzia mteja kitenge na telefone ndani ya mikunjo yake. Nilipanda pikipiki nikamkimbiza yule mama mpaka karibu na soko, huku nampigia kelele asimame, naye akidhani nataka kumwongezea bei. Mjukuu wangu alicheka wiki nzima. Nikaacha kuficha.

Kisha akaziunguza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilikuwa nimemwachia kikaango jikoni uani, nikaenda kuswali Alasiri. Harufu ikanifuata kwenye mswala. Nilipotoka, ndagala zimekuwa makaa, na mtoto amekaa mbele yake kabisa, anatabasamu na telefone. Nilikasirika, sitaficha. Nikamuuliza ni nani huyo mwenye utamu kuliko chakula cha nyumba nzima.

Akasema ni rafiki yake. Msichana, anasoma Bujumbura, ana miaka kumi na minne, anapenda kusuka nywele kama yeye. Wamejuana humo humo mtandaoni. Akanionyesha picha: mtoto mzuri, sare ya shule, meno meupe.

Hasira yangu ikaisha pale pale, na nitakwambia kwa nini. Huyu mtoto hakuwa na rafiki. Tangu mama yake aondoke alikuwa anatoka shule peke yake na kuingia nyumbani peke yake, na moyo wangu ulikuwa unaniuma kila nikimwona akikata kona bila mtu wa kucheka naye. Sasa amepata mwenzake. Na Bujumbura si mbali, ni hapo tu ukivuka mpaka wa Kavimvira. Mdogo wangu anaendesha taksi, anakwenda na kurudi mpaka ukiwa wazi. Nikasema alhamdulillah, mkewenza wangu amepata mtu. Nikaenda kutafuta nyama ya kusaga.

Ijumaa asubuhi, hawakuwa na masomo, nikakaanga sambusa. Nilikunja mwenyewe, pembe kali, hakuna hata moja iliyofunguka kwenye mafuta. Nikatoa sahani yangu ya bati yenye maua mekundu, ile ninayoiheshimu, nikapanga, nikafunga kitambaa cheupe. Mdogo wangu angepita kabla ya adhuhuri. Kilichobaki ni kujua nyumba. Nikamwambia mjukuu wangu amwandikie rafiki yake: bibi anamsalimu mama yako, anatuma kitu kidogo, mnakaa kartie gani, mtaa gani?

Jibu likakawia. Halafu likaja: mama yangu amesafiri.

Si neno. Nikamwambia aandike kwamba sahani itapokewa na bibi yake, au shangazi, au mtu yeyote mzima wa nyumba. Jibu: hakuna mtu nyumbani. Nikasema basi atupe jina la shule, mdogo wangu atamwachia mlinzi wa mlangoni. Jibu: leo sikwenda shule, ni mgonjwa. Masikini! Mtoto mgonjwa, peke yake, nyumba tupu! Nikasema aandike kwamba nitaongeza na supu.

Jibu: hapana, sisi hatuli vitu vya mafuta.

Hapo ndipo nilipochukia. Kukataa sahani! Mtu anaweza kukosa mchele, akakosa sabuni, lakini hakatai sahani iliyofungwa kitambaa na mama mwenzake. Nikaona nimewaelewa: ni watu wa majivuno, wenye nyumba ya ghorofa, wanatuona sisi wa Uvira ni watu wa vumbi. Nikawasema vizuri, na mama yao asiyekuwepo nikamsema zaidi. Mtoto amekaa kwenye kiti cha plastiki, ananisikiliza, anaandika ninayomwambia aandike, mengine anayaacha kwa adabu.

Mwisho nikamwambia amwandikie hivi: kesho Jumamosi bibi anakuja mwenyewe. Atapanda taksi ya mdogo wake, atauliza nyumba kwa nyumba, mpaka amsalimu mama yako ana kwa ana.

Mjukuu wangu akaniangalia. Nilidhani anaona aibu kwa ajili yangu. Alikuwa amebadilika rangi ya midomo, na mimi nikadhani ni njaa, nikamwambia ajipe moyo, tutakula baada ya swala. Akaandika. Safari hii jibu halikukawia hata kidogo. Alilisoma kimya, akalisoma tena, telefone ikashuka mpaka magotini.

“Soma,” nikamwambia.

Akasoma kwa sauti ndogo: “Huyo bibi asikuje. Kuja weye peke yako kama vile tulisema, sahani utaileta weye. Usiambie muntu.”

Nilisikia maneno matatu tu. Kama vile tulisema. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango na unga ungali mikononi.

Nilitaka kuuliza, nilitaka kupiga kelele nyumba ianguke, watu wote wanajua kelele zangu. Lakini yeye ndiye aliyeongea, taratibu, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni.

“Bibi, huyu hana mama. Hana bibi, hana shule, hana nyumba. Huyu si musichana.”

Akainuka akaingia chumbani. Akatoka na mfuko wake wa shule, akaufungua mbele yangu. Hakukuwa na daftari ndani. Kulikuwa na gauni lake la Idi, viatu, na mafuta yangu ya kujipaka, ambayo nilikuwa nimeyatafuta tangu juzi. Akaniambia walikuwa wamepanga Jumamosi, mimi nikiwa dukani: atavuka mpaka na watu wa sokoni, kuna gari lingemngoja upande wa pili, wangempiga picha za mavazi, angerudi jioni na zawadi. Alivitoa vile vitu kimoja kimoja, akavipanga sakafuni.

“Minye ningeenda, bibi,” akasema.

Nikamvuta. Mtoto mrefu vile, nilimpakata kama zamani, tukalia wote wawili, yeye kwa aibu na mimi kwa woga. Sijawahi kuogopa vile, na nimeishi Uvira miaka yangu yote. Nikamwambia yeye hana kosa la kutafuta rafiki. Nikamwambia tena, maana mara ya kwanza hakusikia.

Mdogo wangu alipopita na taksi yake tulimweleza. Alizijua hila za namna hiyo, akatuambia tusifute kitu, akaondoka na ile telefone kwenda kuwaonyesha watu wa mpakani na yule prefe. Mama wa mtoto tulimpigia kwa kitelefone changu kidogo. Alilia mpaka majirani zake wa Kalemie wakaja, halafu akaniamuru niitupe ile ya mtoto ziwani. Nikamwambia ukiitupa ziwani, yule mtu hatazama nayo. Atabaki mkavu, na mtoto atakwenda kuazima ya mwingine.

Kwa hiyo telefone ilirudi, nasi tukaiwekea sheria zake. Mchana inakaa sebuleni, juu ya kabati, na usiku inalala kwangu. Mtoto akiongea na mama yake, anaongea mbele ya watu. Na mtu mpya akiingia humo, ataulizwa kwanza habari ya sahani. Hiyo ya mwisho si mimi niliyeitunga. Ni mkewenza mwenyewe. Juzi kuna mmoja alimwandikia kwamba ana macho mazuri. Nilimwona anaandika, nikasogea na miwani yangu. Alikuwa amejibu: asante, mama yako anakaa wapi? Bibi anataka kutuma sambusa. Yule mtu hakuonekana tena. Tulicheka mpaka nikashika ubavu, kisha akamzuia na akairudisha telefone juu ya kabati bila kuambiwa.

Ila ile Ijumaa, tulipomaliza kulia, sahani ilikuwa bado mezani. Na sahani ikishafungwa kitambaa kwa ajili ya mtu wa nje, kwetu haifunguliwi tena ndani. Ni mkosi, au ni uchoyo, mama yangu hakufafanua. Nilikuwa naitazama tu, sambusa zangu zinapoa. Mjukuu wangu akafuta uso, akaniuliza kama ni lazima iende mbali.

Nyumba ya nyuma yetu walikuwa wamehamia watu wiki ile ile, wakulima wa Mutarule, Wakatoliki, wanaongea Kirundi kati yao na Kiswahili cha kukwama na sisi. Walikuwa na msichana wa rika lake. Mjukuu wangu alikuwa amemwona kwenye bomba la maji, lakini kila akitaka kumsalimu telefone ilikuwa inalia mfukoni. Nikamwambia aichukue sahani, aende. Bahati njema haikuwa Kwaresima, maana nyama ilikuwa nyingi humo. Alikaa huko kidogo, akarudi mikono mitupu na macho mekundu, akala bugali wote niliompa.

Jumamosi asubuhi sikufungua duka. Nilisema ni kichwa kinaniuma. Nilikaa sebuleni nashona kitu kisichohitaji kushonwa, na yeye alikuwa anafagia uani, anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Tulikuwa tunasikiliza magari. Ilikuwa saa ile ile watu wa sokoni wanaposhuka kwenda mpakani, na sote wawili tulijua ni saa gani, wala hatukutajiana.

Ndipo tukasikia hodi. Sauti ya msichana, ya kweli, yenye mafua kidogo.

Nilianza kuinuka, maana kufungua mlango ni kazi yangu. Mjukuu wangu akaweka ufagio chini, akaniwahi. Mlangoni amesimama yule mtoto wa Mutarule, kandambili zina tope, na sahani yangu ya maua mekundu mikononi, imesuguliwa kwa mchanga inang'aa. Juu yake kuna karanga za kuchemsha, bado zinatoa mvuke. Nyuma yake, kwenye kona ya nyumba, mama yake ameshika kiuno, ananipungia mkono.

Mjukuu wangu alimwangalia yule mwenzake usoni, akamwangalia na mama yake kule nyuma, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Karibu,” akasema. “Ingia, bibi iko.”